Tosh Gitonga: Mwongozaji wa Filamu na Lugha ya Mtaa

Mnamo mwaka 1954, Mfaransa François Truffaut, akiwa bado mhakiki, alitetea wazo kwamba mwongozaji anaweza kuwa mtunzi halisi wa filamu. Je, uteuzi wa lugha ni sehemu ya utunzi huo? Kazi ya David 'Tosh' Gitonga, mwongozaji wa Kenya, yaelekea kujibu kwamba ndiyo.

Gitonga alikuwa msaidizi wa mwongozaji katika The First Grader (2010), kisa cha mzee Kimani Maruge aliyeanza darasa la kwanza akiwa na umri wa miaka 84. Filamu yake ndefu ya kwanza, Nairobi Half Life (2012), ilitokana na mradi wa One Fine Day Films ulioanzishwa na Wajerumani Tom Tykwer na Marie Steinmann. Mhusika mkuu, Mwas, anatoka kijijini akitamani kuwa mwigizaji. Anapofika jijini anaibiwa, anatiwa korokoroni, kisha anajiunga na genge la wezi huku akifanya mazoezi ya mchezo wa jukwaani.

Upekee wa filamu hii umo katika mazungumzo yake. Wahusika husema Kiswahili, Sheng na Kikuyu. Kikuyu ni lugha ya nyumbani anakotoka Mwas. Sheng ni ya genge, naye hana budi kuimudu ili akubalike. Mkazi wa Tassia, au mtaa mwingine wowote wa Eastlands, hahitaji mkalimani.

Wapo wanaodai kwamba Sheng inaharibu Kiswahili. Hata hivyo, mwizi wa Nairobi anayesema Kiswahili sanifu kila wakati asingeaminika. Lugha hapa ni kipengele cha usawiri wa wahusika, kama ilivyo katika tamthilia.

Uteuzi huo haukuizuia filamu kuvuka mipaka. Joseph Wairimu, aliyeigiza Mwas, alituzwa kuwa mwigizaji bora katika tamasha la Durban mwaka 2012. Mwaka huo huo, filamu hii ikawa ya kwanza kuwasilishwa na Kenya kuwania Tuzo za Oscar katika kitengo cha lugha za kigeni, kitengo kisichopokea filamu ambayo mazungumzo yake mengi ni ya Kiingereza. Hata hivyo, jina lake lilibaki la Kiingereza.

Mwaka 2018 Gitonga aliongoza Disconnect, kichekesho cha mapenzi, pamoja na Michael Jones.

Fasihi ya Kiswahili haiishii kitabuni. Mhakiki anayeipuuza filamu anawaachia wengine uwanja ambao lugha yake tayari inauchezea.