Babu aliyeenda Kariokor: Kufuata nyayo za mchukuzi asiye na kaburi

Katika maboma mengi ya Kisii na Nyamira, kijana akitembezwa na wazee kuonyeshwa makaburi ya ukoo, kuna mahali ambapo hesabu hukwama. Kaburi la baba lipo kando ya nyumba. La babu lipo karibu na migomba. Lakini la baba yake babu halipo, na akiuliza sababu hujibiwa kwa maneno machache tu: alienda Kariokor na hakurudi.

Jibu hilo limerithishwa kwa zaidi ya miaka 100, na kwa familia nyingi ndilo pekee lililobaki la mtu aliyekuwa na mke, shamba na ng'ombe. Hata hivyo, maisha na kifo chake si fumbo lisiloweza kufumbuliwa. Kwa kuunganisha kumbukumbu za nyumbani na nyaraka za serikali ya kikoloni, jamaa zake wanaweza kukadiria alichukuliwa lini, alipelekwa upande gani, alilipwa nini na huenda aliuawa na nini.

Kilicho kigumu zaidi kukipata ni kaburi lenyewe. Na kukosekana kwa kaburi hilo, kama itakavyobainika, hakukuwa bahati mbaya.

Kariokor ilikuwa nini?

Neno Kariokor ni matamshi ya kienyeji ya Carrier Corps, kikosi cha wachukuzi kilichoundwa na Waingereza mwaka 1914 kubeba chakula, risasi na majeruhi katika vita dhidi ya Wajerumani, ambao wakati huo walitawala Tanzania bara ya leo. Jina hilo limesalia katika mtaa wa Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam, mahali walipopiga kambi wachukuzi.

Binadamu walitumiwa kwa sababu wanyama hawakustahimili. Mbung'o waliwaangamiza farasi, nyumbu na maksai, na barabara za kupitisha magari zilikuwa chache mno. Hivyo basi, mzigo wa takriban kilo 25 ulitwikwa kichwani mwa mtu, naye akatembea nao siku baada ya siku.

Mwanzoni baadhi ya wanaume walikubali kwenda ili wapate pesa za kulipia kodi ya nyumba. Mwaka 1915 ilipitishwa sheria iliyoruhusu watu kuchukuliwa kwa lazima. Vita vilipohamia kusini, kuelekea Mto Rufiji na kwingineko, John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Nyanza, alikabidhiwa mwaka 1917 jukumu la kukusanya wachukuzi kwa wingi kutoka kila wilaya. Machifu na wazee wa vijiji walitakiwa kutoa wanaume, na aliyekataa kutoa alihatarisha cheo chake.

Kwa Abagusii, amri hiyo ilikuja juu ya majeraha ambayo hayakuwa yamepona. Mwaka 1908 Otenyo alimchoma mkuki afisa wa Kiingereza G.A.S. Northcote, na serikali ikajibu kwa msafara wa kijeshi uliochoma nyumba na kuteka ng'ombe. Septemba 1914 Wajerumani waliingia mji wa Kisii, wakapigana na Waingereza tarehe 12, kisha wakaondoka. Wenyeji wengi waliamini kwamba utawala wa Mwingereza umekwisha, na mji ukaporwa. Waingereza waliporejea, waliwaadhibu kwa kutwaa mifugo. Miaka mitatu baadaye, wanaume wa jamii iyo hiyo walitakiwa kubeba mizigo ya mtawala huyo huyo.

Kuanzia nyumbani

Kosa la kawaida la wanaotafuta habari za wazee wao ni kukimbilia Nairobi kabla ya kuketi na wazee walio hai. Nyaraka hazimjibu mtu asiyejua anachouliza.

Wazee wa zamani hawakuhesabu miaka kwa tarakimu bali kwa matukio. Kwa hivyo maswali nayo hayana budi kufuata mkondo huo. Je, aliondoka kabla ya vita vya mjini Kisii au baadaye? Alitahiriwa pamoja na akina nani? Mtoto wake wa mwisho alizaliwa kabla au baada ya homa kali ya mafua iliyozuka mwishoni mwa 1918? Kila jibu hupunguza idadi ya miaka inayohitaji kuchunguzwa.

Swali moja ambalo wengi hulisahau ni la pesa. Wachukuzi wa vita vya kwanza walilipwa kwa rupia, sarafu iliyokoma kutumika Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1920 na nafasi yake kuchukuliwa na shilingi. Familia inayosimulia kwamba mzee wao alituma shilingi nyumbani, basi huenda haimzungumzii mchukuzi wa vita hivyo, bali kibarua wa miaka ya baadaye, kwa mfano katika mashamba ya majani chai ya Kericho yaliyoanza kupandwa miaka ya 1920.

Kipande nacho ni ushahidi. Sheria ya kuwasajili wanaume Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, lakini ilianza kutekelezwa vita vilipokwisha, kati ya 1919 na 1920. Karatasi hiyo, iliyobebwa ndani ya kijaluba cha chuma na kuning'inizwa shingoni, iliandikwa jina, kabila, mahali alikotoka mtu, alama za vidole, mwajiri, mshahara na tarehe za kuanza na kuacha kazi. Mwenye kuachiwa kipande na babu yake anajua jambo moja la hakika: mzee huyo alikuwa hai baada ya vita vya kwanza.

Mitego miwili

Mtego wa kwanza uko katika majina. Miongoni mwa Abagusii, mtoto hupewa jina la jamaa aliyefariki. Desturi hiyo ni msaada mkubwa, kwani jina la mtu aliyepotea vitani mara nyingi lingali hai kwa wajukuu na vitukuu. Lakini pia hupotosha, maana ukoo mmoja unaweza kuwa na watu watano wenye jina moja katika vizazi vitatu. Ni lazima kila jina liambatanishwe na la baba, la mama na la nyumba ya mke aliyezaa.

Isitoshe, makarani walioandika majina hayo hawakujua Ekegusii. Waliandika kwa kufuata sikio. Lugha hiyo haina sauti ya "l", lakini karani aliyezoea lugha nyingine angeweza kumwandika Makori kama Makoli. Anayetafuta jina moja kwa tahajia moja huenda akalipita bila kulitambua.

Mtego wa pili unahusu watoto. Kwa mila za Abagusii, mume alipofariki mjane hakuacha kuwa mke wa marehemu. Alichagua mwanamume katika jamaa ya mumewe wa kuishi naye, na watoto waliozaliwa baadaye walihesabiwa kuwa wa yule aliyekufa. Walibeba jina lake na kurithi shamba lake.

Kwa sababu hiyo, mtu aliyezaliwa mwaka 1923 anaweza kutaja, bila uongo wowote, kwamba baba yake alikufa Kariokor mwaka 1917. Mtafiti asiyeijua mila atadhani tarehe zimekosewa, au atafikia uamuzi mbaya zaidi, kwamba mtoto huyo hakuwa wa boma hilo. Katika maeneo ambako ardhi ni haba na mizozo ya urithi ni mingi, kosa la namna hiyo linaweza kugeuka kesi. Kabla ya kulinganisha miaka, ni vyema kuuliza mjane aliishi vipi baada ya mumewe kutoweka.

Katika nyaraka

Baada ya hapo ndipo safari ya kwenda kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, barabara ya Moi jijini Nairobi, huwa na maana. Hapo zimewekwa ripoti za kila mwaka za wakuu wa wilaya, barua zao na maelezo ya masuala ya kodi, machifu na vibarua.

Mtu wa Nyamira asishangae akikosa wilaya yake katika mafaili ya wakati huo. Kisii na Nyamira zote zilikuwa ndani ya wilaya ya South Kavirondo, iliyojumuisha pia majirani Waluo na Wakuria na kuongozwa kutoka mji wa Kisii. Mafaili mengi ya wilaya hiyo huanza kwa alama za DC/KSI. La muhimu ni kujua eneo la chifu: Kitutu, Mugirango ya Kaskazini, Mugirango ya Kusini, Nyaribari, Wanjare, Bassi au Majoge.

Katika hifadhi hiyo pia imo taarifa ya Oscar Watkins, afisa aliyesimamia kikosi cha wachukuzi kwa muda wote wa vita. Msomaji wake hupata picha ya jinsi wachukuzi walivyosajiliwa, walivyolishwa na walivyouguzwa. Hata pale jina la babu lisipopatikana, mwaka wake wa kuondoka ukijulikana, njia aliyopita inaweza kukadiriwa.

Rejista za ubatizo nazo zisidharauliwe. Wamisheni Wakatoliki wa Nyabururu na Waadventista wa Nyanchwa walikuwa wamefika Kisii kabla ya vita. Mchukuzi mwenyewe huenda hakubatizwa, lakini mwanawe aliyebatizwa miaka ya baadaye aliulizwa jina la baba yake.

Walivyokufa

Idadi kubwa ya wachukuzi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia na utapiamlo. Mtu aliyetoka nyanda za juu za Gusii, ambako malaria haikuwa kali kama pwani, alifikishwa katika mabonde yenye mbu wengi bila kinga yoyote mwilini. Tumbo lililozoea ugali wa wimbi lilipewa unga wa mahindi, mara nyingi ukiwa haujapikwa ukaiva kwa ukosefu wa muda, kuni au vyungu.

Kutoka Kenya ya leo walichukuliwa wanaume zaidi ya 150,000. Hesabu rasmi za wachukuzi waliokufa katika upande wa Waingereza Afrika Mashariki zilizidi 40,000. Wanahistoria wengi wanaona kwamba idadi hiyo ni ndogo kuliko hali halisi, na wapo wanaoikadiria kufikia karibu 100,000. Waliotoroka, waliofia njiani wakirudi nyumbani na waliopotea bila mtu kuandika hawakuhesabiwa barabara.

Familia nyingi hazikupokea barua wala mshahara wa marehemu. Baada ya vita kulibaki pesa nyingi za wachukuzi waliokufa au kutoweka, na mabishano kuhusu pesa hizo yakaendelea kwa miaka mingi kati ya maafisa wa Kenya na wakubwa wao wa London.

Kwa nini majina hayapo

Tume ya Makaburi ya Vita iliyoundwa na Waingereza mwaka 1917 ilitangaza kanuni kwamba wafu wote watakumbukwa kwa usawa, kila mmoja kwa jina lake. Katika Afrika Mashariki kanuni hiyo haikufuatwa. Maafisa waliamua kwamba Waafrika watosheke na minara ya jumla, na makaburi ya wachukuzi yakaachwa yamezwe na msitu.

Ndiyo maana anayepita katika barabara ya Kenyatta jijini Nairobi huona sanamu za shaba, mmoja wao akiwa mchukuzi, lakini haoni jina hata moja la mchukuzi aliyekufa.

Aprili 2021, tume hiyo, ambayo sasa inaitwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ilichapisha ripoti ikikiri makosa hayo. Ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa ulinzi wa Uingereza, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni na kukubali kwamba ubaguzi ulichangia.

Tangu hapo, utafutaji wa majina umeanza. Januari 2025, mnara ulizinduliwa jijini Cape Town, Afrika Kusini, kwa heshima ya vibarua Waafrika zaidi ya 1,700 wa vita hivyo, kila mmoja akiwa na jina lake. Jambo hilo linaonyesha kwamba majina yaliyoachwa yanaweza kurudishwa pale nyaraka zinapopekuliwa kwa bidii.

Kwa familia za Kisii na Nyamira, kazi iliyo karibu zaidi haihitaji serikali wala tume. Wajukuu wa wachukuzi hao, walio bado hai, ni wakongwe, na baadhi yao walisimuliwa na wajane wenyewe. Kila mmoja anapozikwa, huzikwa na majina ambayo hayamo katika faili lolote.

Daftari moja linatosha kuanzia: jina la mzee, la baba yake, la mkewe, eneo la chifu wake, tukio lililokuwa karibu na siku aliyoondoka, na jina la aliyesimulia. Familia itakayokuwa na maelezo hayo itakuwa na la kupeleka mbele siku majina yatakapoulizwa. Na hata yasipoulizwa, kijana atakayetembezwa tena katika makaburi ya ukoo ataambiwa zaidi ya maneno yale machache.