UZI: Mbona tununue stima ya Ethiopia na Olkaria tunayo?

1/ Mdahalo wowote ukigusa bei ya stima, swali hili halikosi. Hata mamangu ameniuliza, baada ya tokeni zake kuisha siku ya tatu. Mimi nasoma sayansi ya siasa, si injinia, lakini twende polepole.

2/ Novemba 2022 tulianza kununua megawati 200 kutoka Ethiopia. Zinapita kwa laini ya zaidi ya kilomita 1,000 mpaka Suswa. Mkataba ni wa miaka 25, senti 6.5 za dola kwa yuniti. Matumizi yetu yakiwa juu kabisa hupita megawati 2,300. Kwa hivyo "Ethiopia ndio inatuwashia taa" ni chumvi tu.

3/ "Lakini Olkaria inamwaga mvuke usiku!" Kweli. Saa tisa usiku watu wamelala, stima inabaki. Saa mbili usiku kila nyumba imewasha taa na TV, stima inabana. Shida si kiasi tu, ni saa.

4/ Hapo ndipo jirani anafaa. Ethiopia ina maji, sisi tuna mvuke na upepo. Ukame ukipiga mmoja, mwingine anajaza pengo. Tayari laini ya Isinya mpaka Singida imetuunganisha na Tanzania. Na kama waya unapeleka pande zote mbili, hata sisi tunaweza kuuza.

5/ Msidhani ni sisi pekee tunabishana. Tanzania ina bwawa la Rufiji la megawati 2,115, na 2025 watu waliuliza mbona stima ya Ethiopia iletwe kaskazini kupitia Kenya. Jibu walilopewa: bwawa liko mbali, umeme mwingi hupotea njiani.

6/ Sasa wasiwasi wa haki. Hapa kwetu kuna mikataba ya wazalishaji binafsi inayolipwa hata stima yao isipotumika, na wewe ndiwe unalipa kwa bili. Pia ukinunua kwa dola, shilingi ikianguka bei inapanda, hata kama yule jirani hajaongeza kitu.

7/ Kwa hivyo mwanasiasa akisimama jukwaani aseme "tumeuzwa", au "bei itashuka", usipige makofi bado. Muulize: Tunalipia tusichotumia? Tunalipa kwa pesa gani? Mkataba uko wapi tuusome?

Mamangu sasa anauliza hilo la tatu. Bado sina la kumjibu.