Shusha gia bila gari kushtuka: Somo nililopewa na mteremko wa Mai Mahiu

Ile sauti unaijua. Uko Thika Road saa nne usiku, unasikia gari likija nyuma, gia inashuka, injini inanguruma, na kabla ugeuze shingo ndai imeshakupita. Unabaki ukijiambia, "Siku moja na mimi." Sawa. Siku hiyo ikifika, kumbuka haya ninayokuambia, kwa sababu mimi niliyajua nikiwa nimechelewa.

Gari lilikuwa Toyota Altezza RS200 la binamu yangu. Kama hulijui, ni injini ya lita 2.0, gia sita za mkono, na nguvu yote inaenda magurudumu ya nyuma. Mwaka huo nilikuwa nimeacha chuo, sina kazi ya maana, na kitu pekee nilichojiona nakijua ni kuendesha. Leseni nilikuwa nayo. Mdomo pia.

Tulikuwa tunaenda Naivasha mimi na dadangu mdogo, tukashukia barabara ya zamani ya Mai Mahiu, ile iliyojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano miaka ya 1940. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Nikakaribia kona kwa gia ya tatu, nikataka kushusha hadi ya pili ili dada asikie injini ikiimba. Klachi chini, gia ndani, nikaachilia klachi pap! Gari likashtuka kama punda aliyechapwa, na nyuma ikateleza kuelekea kwa lori lililokuwa likipanda. Likajirudi lenyewe. Usinipigie makofi, mimi nilikuwa nimeshika usukani tu nikiomba Mungu.

Dada hakupiga kelele. Alinyamaza hadi Naivasha, kisha akasema, "Kurudi nitapanda matatu."

Binamu alinipeleka kwa fundi wake kule Grogan. Nilipomaliza hadithi yangu, mzee akafuta mikono na kuniuliza, "Kijana, ulipoachilia klachi, injini ilikuwa inazunguka mara ngapi?" Sikuwa na jibu. Kumbe hapo ndipo shida yote ilipokuwa.

Sikia hesabu yenyewe. Kwenye mwendo uleule, gia ya chini inataka injini izunguke haraka zaidi. Kama gia ya tatu inakupa mizunguko 3,000 kwa dakika, ya pili itataka kama 4,400 hivi. Ukikanyaga klachi, injini inaanza kupoa, labda inashuka hadi 2,000 au chini. Ukiachilia hapo, nani ataipandisha hadi 4,400? Magurudumu. Yanalazimika kuikokota kwa nguvu, na hiyo ni kama kukanyaga breki ya nyuma ghafla. Kwenye lami kavu unashtuka tu. Kwenye lami yenye maji, unateleza.

Dawa yake ni kuipandisha injini wewe mwenyewe kabla ya kuachilia klachi. Fanya hivi:

Kwanza, punguza mwendo kwa breki, gari likiwa bado limenyooka, kabla ya kona.

Pili, kanyaga klachi na uingize gia ya chini.

Tatu, klachi ikiwa bado chini, gusa mafuta mara moja. Gusa tu, usikanyage. Mshale wa mizunguko utaruka.

Nne, mshale ukiwa juu, achilia klachi kwa ulaini. Ukipatia, hutasikia kitu. Ndiyo, hutasikia kitu! Abiria hata hatajua umebadilisha gia.

Ukishazoea, utataka kubana breki na kugusa mafuta kwa pamoja, vile madereva wa mbio hufanya. Sehemu ya mbele ya mguu wa kulia inabaki kwenye breki, ubavu wa mguu unagonga mafuta. Usianze na hii, tafadhali. Mimi nilifanya mazoezi Jumapili asubuhi kwenye uwanja mtupu, wiki baada ya wiki, nikiwa nimevaa raba nyembamba. Buti kubwa hukunyima hisia.

Sasa maonyo, maana najua nyinyi.

Usiruke gia ukiwa kasi. Ukitaka ya nne halafu mkono uingize ya pili, injini itazungushwa kupita uwezo wake. Kompyuta ya gari inaweza kukata mafuta, lakini haiwezi kuzuia magurudumu kuizungusha injini. Vali zinaweza kupinda, na bei ya injini nyingine utaikuta hapo hapo Grogan.

Pia, usigeuze klachi kuwa breki. Pedi za breki ni rahisi kubadilisha, klachi inataka giaboksi ishushwe. Lakini kwenye mteremko mrefu kama Mai Mahiu, shuka na gia ya chini tangu juu, injini ikusaidie kulizuia gari. Ukining'inia kwenye breki njia nzima, zitapata moto na kukosa nguvu. Malori yaliyolala pale kando ya barabara yangekueleza vizuri kuniliko.

Na kama leseni yako ni ya otomatiki pekee, anza na hiyo kwanza. Usijifunze na gari la mtu.

Kuna magari yanayokufanyia haya yote. Nissan 370Z ilikuja nayo 2009: unashusha gia, kompyuta inagusa mafuta yenyewe. Poa sana. Lakini gari utakaloazimwa na binamu yako huenda halina hiyo.

Dada ilimchukua miezi minane kukubali kupanda tena. Tulipita njia ileile, mvua ileile, na safari hii sikuwa na haja ya kumwonyesha kitu. Nilishuka kona zote kwa gia ya tatu na ya pili, taratibu, nikigusa mafuta kila mara. Tulipofika chini kabisa, karibu na kile kikanisa cha Waitaliano, nikageuka nimwambie, "Umeona?"

Alikuwa amelala fofofo.