Kichwa Kikubwa, Usonji na Futi Kamba

Mwaka 1943 Dk. Leo Kanner wa Johns Hopkins, Baltimore, aliandika habari za watoto 11 ambao leo tungesema wana usonji. Kwa kupitia tu, alitaja kwamba watano kati yao walikuwa na vichwa vikubwa kiasi.

Kishindo kilikuja 2003. Eric Courchesne na wenzake wa California walipekua kumbukumbu za kliniki za watoto 48 wenye usonji. Wengi walizaliwa na vichwa vidogo kidogo kuliko wastani, lakini ndani ya mwaka wa kwanza hivi vikakua mbio na kuwapita wenzao wa rika moja. Waliosikia wakadhani kipimo cha usonji kimepatikana, na ni cha bei ya futi kamba.

Haikuwa hivyo. Mwaka 2013 Armin Raznahan na wenzake walionyesha kuwa kasoro ilikuwa pia kwenye chati za Marekani zilizotumika kulinganishia. Hata watoto wasio na usonji walionekana humo kama vichwa vyao vinakua kupita kiasi. Mtoto alipolinganishwa na mtoto mwenzake badala ya chati, tofauti ikanywea. Haikutoweka: watoto kama 15 hadi 20 kati ya 100 wenye usonji wana vichwa vikubwa kweli, wachache wao kwa sababu ya hitilafu ya jeni iitwayo PTEN. Waliobaki, ambao ndio wengi, huwezi kuwatambua kwa kichwa.

Hata hivyo kipimo chenyewe kisipuuzwe. Futi kamba hupita juu kidogo ya nyusi na masikio, ikazunguka hadi kisogoni palipochomoza zaidi. Mtoto mchanga wa kawaida ana kama sentimita 35, na akitimiza mwaka hukaribia 46. Namba ikizidi, daktari makini humpima na baba, maana vichwa vingine ni vya ukoo tu. Lakini kichwa kikiongezeka haraka, utosi umetuna, mtoto anatapika na macho yameelekea chini, hiyo huenda ni kichwa maji. Wahini hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa usonji, angalieni kwingine: mtoto wa mwaka mmoja anayeitwa jina asigeuke, wa mwaka na nusu asiyeonyesha kitu kwa kidole, au aliyeanza kusema kisha maneno yakapotea. Huyo apelekwe kuchunguzwa, hata kama kichwa chake kiko sawa kabisa kwenye kadi ya kliniki.