Watu Nyuma ya Printa ya Zege: Kampuni ya 14Trees na Funzo Lake kwa Ujenzi wa Vijijini Mkoani Tabora

1.0 Utangulizi

Teknolojia ya kuchapa kuta za majengo kwa zege hutangazwa zaidi kwa kigezo cha muda. Huelezwa kwamba kuta za darasa zimesimama kwa saa kadhaa, au kwamba nyumba kumi zimechapwa kwa majuma kadhaa. Maelezo ya aina hiyo huidhihirisha mashine na kuwaficha watu: waliobuni wazo, waliotoa mtaji, wanaoiendesha na wanaomalizia jengo mashine inapoondoka. Makala hii inawabainisha watu hao kwa kutumia mfano wa kampuni ya 14Trees, ambayo imejenga nchini Malawi na Kenya. Kisha inaipima teknolojia hiyo kwa mazingira ya kata ya Puge, wilayani Nzega, mkoani Tabora. Hoja kuu ni kwamba printa huokoa muda, ilhali muda si gharama inayomlemea zaidi mjenzi wa kijijini.

2.0 Wabunifu na Wenye Mtaji

Wazo la kujenga kwa kumimina tabaka juu ya tabaka bila kutumia mbao za kufungia zege liliendelezwa tangu miaka ya 1990 na Behrokh Khoshnevis, mhandisi mzaliwa wa Iran, katika Chuo Kikuu cha Kusini mwa California nchini Marekani. Wazo hilo lilichukua muda mrefu kufika sokoni. Mwaka 2017, kundi lililoongozwa na Henrik Lund-Nielsen lilichapa jengo dogo la ofisi jijini Copenhagen, Denmark. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa kampuni ya COBOD, inayotengeneza na kuuza printa za ujenzi. Mwaka 2018 kampuni ya Ujerumani ya PERI, inayojulikana kwa vifaa vya kufungia zege, iliwekeza katika COBOD. Hivyo, mtaji wa teknolojia inayodai kuondoa mbao na vifaa hivyo ulitoka kwa mtengenezaji wa vifaa hivyohivyo.

Kampuni ya 14Trees ina asili tofauti. Ilianzishwa mwaka 2016 kwa ubia wa LafargeHolcim, mzalishaji mkubwa wa saruji, na CDC Group, taasisi ya uwekezaji ya serikali ya Uingereza ambayo sasa huitwa British International Investment. Bidhaa yake ya awali haikuwa ukuta uliochapwa. Ilikuwa tofali la udongo uliochanganywa na saruji, linaloshindiliwa na kukomaa bila kuchomwa. Jina la kampuni limetokana na hesabu yake kwamba nyumba moja ikijengwa kwa tofali hilo badala ya tofali la kuchoma, takriban miti 14 huokolewa. Printa ilikuja baadaye. Ni muhimu kuuzingatia utaratibu huo, kwa kuwa sifa ya kuokoa miti ilianza na tofali, na hoja inayothibitisha faida ya tofali haithibitishi moja kwa moja faida ya printa.

3.0 Kazi ya Printa na Kazi ya Fundi

Printa aina ya BOD2 ya COBOD ni fremu ya chuma inayofungwa kuzunguka eneo la jengo. Juu yake hutembea kichwa chenye mdomo unaotoa zege laini kwa kufuata mchoro uliomo katika kompyuta. Zege hilo sharti liwe jepesi kiasi cha kupita katika bomba, na wakati huohuo liwe gumu kiasi cha kubeba tabaka linalofuata. Kwa sababu hiyo, mtu anayepima mchanganyiko ana uzito uleule alio nao anayesimamia kompyuta. Maji yakizidi kidogo, tabaka hubonyea. Yakipungua, bomba huziba.

Nchini Malawi, 14Trees ilichapa kuta za shule katika wilaya ya Salima kwa saa 18, na wanafunzi wakaanza kuitumia mwezi Juni 2021. Nchini Kenya, katika mradi wa Mvule Gardens mjini Kilifi uliopangwa kuwa na nyumba 52, nyumba 10 za awamu ya kwanza zilichapwa kwa majuma 10. Takwimu hizo zinahusu uchapaji. Kuchimba na kumwaga msingi, kupanga nondo, kufunga linta, kuezeka, kuweka milango na madirisha, kutandaza nyaya za umeme na mabomba ya maji ni kazi zilizobaki mikononi mwa mafundi. Kinachopungua zaidi ni kazi ya mwashi anayepanga matofali na ya saidia fundi anayembebea karai.

4.0 Mjenzi wa Puge

Katika vijiji vya Unyamwezi, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Tanzania, nyumba hujengwa kwa vipindi. Baada ya mavuno familia hufyatua matofali na kuyachoma katika tanuri. Msimu mwingine hununua saruji ya msingi. Mwingine hununua mabati. Nyumba inaweza kuchukua miaka, na ukuta usioezekwa huwa ndiyo akiba ya mwenye nyumba. Mfumo huo ni wa polepole, lakini hauhitaji mkopo. Printa hudai kinyume chake: saruji, umeme, usafiri wa mashine na wataalamu lazima vipatikane kwa siku zilezile. Aidha, gharama ya kuihamisha hupungua pale nyumba nyingi zinapojengwa katika eneo moja, kama Kilifi, na si pale kila mji wa familia unapojenga peke yake katikati ya mashamba.

Kwa majengo ya umma hali ni tofauti, kwa kuwa fedha hutoka kwa pamoja na muda una thamani. Hata hivyo, mwaka 2021, mwaka uleule wa shule ya Salima, serikali ya Tanzania ilitekeleza ujenzi wa madarasa 15,000 kwa fedha za mpango wa UVIKO-19: 12,000 ya shule za sekondari na 3,000 ya vituo shikizi. Kazi hiyo ilifanyika ndani ya miezi michache kwa kutumia mafundi wa maeneo husika, na sehemu ya fedha ikabaki vijijini kama ujira. Mfano huo unaonesha kwamba kasi inaweza kupatikana pia kwa kuwaandaa watu wengi pamoja na vifaa vyao.

Historia ya Tabora inatoa tahadhari inayofanana. Kwa miongo mingi Wanyamwezi walibeba mizigo ya misafara kati ya bara na pwani. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, mzigo uliondoka mabegani mwao, lakini haja ya kupata fedha haikuondoka, na wengi walikwenda kuwa vibarua katika mashamba ya mkonge mbali na kwao. Reli ilileta manufaa, ila ujira ulihama. Swali la ujira wa mwashi halina budi kuulizwa kabla ya printa kufika.

Kuhusu misitu, hoja ya 14Trees ina uzito wa pekee mkoani Tabora, ambako miombo hukatwa kwa mkaa, kwa kukaushia tumbaku na kwa kuchomea matofali. Dawa ya tatizo la tanuri imeshajulikana nchini: tofali la udongo na saruji la kufungamana, lililoenezwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, hushindiliwa kwa mashine ya mkono. Mashine hiyo haihitaji umeme, hutumia udongo wa palepale, na familia inaweza kufyatua kwa kadiri ya saruji iliyomudu kununua msimu huo.

5.0 Hitimisho

Uchambuzi huu umebainisha kwamba nyuma ya printa ya zege kuna wahandisi wa vyuo vikuu, watengenezaji wa mashine, wazalishaji wa saruji, taasisi za fedha na mafundi, na kwamba kila kundi hupata sehemu yake ya faida kwa namna tofauti. Printa inafaa panapokuwa na majengo mengi mahali pamoja, fedha kamili na haja ya haraka. Kwa mjenzi wa Puge, masharti hayo hayakamiliki. Kinachomfaa zaidi ni bidhaa ya kwanza ya 14Trees kuliko ile iliyoipatia umaarufu, yaani tofali lisilochomwa, litakaloacha miti imesimama na ujira mikononi mwa fundi wa kijiji. Tathmini yoyote ya printa nchini inapaswa kupima, pamoja na saa za uchapaji, mambo mawili yasiyotangazwa: fedha zinazohitajika kwa mkupuo mmoja, na mahali ujira unapoishia.