Mtungi Mtupu Ndio Upokeao Maji

Mtungi uliokwisha kujaa haupokei maji tena, hata ukiwekwa penye chemchemi. Ndivyo ulivyo moyo wa mtu. Ukijaa majivuno, neema ya Mungu hupita pembeni.

Tumtazame Mtume Petro. Usiku wa karamu ya mwisho alijisifu kwamba hata wenzake wote wakimwacha Bwana, yeye hatamwacha. Jogoo hajawika bado, naye akaogopa maneno ya kijakazi, akamkana Bwana wake mara tatu. Je, Petro alikuwa mnafiki? La, alimpenda Yesu kweli. Kosa lake lilikuwa kutegemea nguvu zake mwenyewe. Baada ya kulia kwa uchungu ndipo alipofaa kukabidhiwa kondoo wa Kristu.

Sasa tumtazame binti wa nchi yetu, Mwenye heri Anuarite. Alizaliwa Wamba, kaskazini-mashariki ya Kongo, mwaka 1939. Jina lake la nyumbani lilikuwa Nengapeta, maana yake utajiri hudanganya. Mwaka 1959 aliweka nadhiri huko Bafwabaka katika Shirika la Jamaa Takatifu, akaitwa Sista Marie-Clémentine. Darasani hakuwa mwanafunzi wa kuwapita wenzake, bali alijitahidi hata akawa mwalimu. Alifundisha watoto, akatunza sakristia, akasaidia jikoni. Hizo ni kazi ndogo ambazo watu hawazipigii makofi, lakini ndizo zilizomzoeza kuomba msaada wa Mungu kila siku.

Tarehe 29 Novemba 1964 waasi walioitwa Simba walifika Bafwabaka, wakawapakia masista katika motokaa, wakawapeleka hata Isiro. Huko mkubwa mmoja wa askari alimtaka Anuarite awe mke wake. Akakataa, kwa sababu alikwisha kujitoa kwa Kristu.

Je, tudhani kwamba hakuogopa? Aliogopa sana. Jioni ile chakula hakikupita kooni. Hakuwaambia wenzake, “Mimi ni shujaa.” Aliwaomba wamwombee. Hapo ndipo ilipo siri yake. Petro alijisifu, akaanguka. Anuarite aliungama unyonge wake, akasimama. Usiku huo walimpiga, wakamchoma, wakampiga risasi. Naye, kabla ya kufa, alimsamehe aliyemwua. Alifariki tarehe 1 Desemba 1964, hajatimiza miaka 25. Mwaka 1985 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye heri mjini Kinshasa, na yeye pia akatoa msamaha kwa mwuaji yule kwa jina la Kanisa.

Angalieni vema: unyenyekevu si uvivu, wala si kukubali kila tunaloamriwa. Anuarite alikuwa mpole, lakini mbele ya dhambi alisema hapana, wala hakugeuka. Mnyenyekevu hufanya kazi yake yote, kisha hungoja kwa Mungu lile asiloliweza.

Wewe katekista, umefundisha mwaka mzima na wanafunzi wamebaki wachache. Usiseme kwamba umeshindwa, wala siku watakapokuwa wengi usiseme kwamba umeshinda. Kazi yako ni kupanda. Anayeotesha ni Mungu. Wewe mama unayekesha kando ya mtoto mgonjwa, mpeleke kwa mganga wa hospitali, mpe dawa kwa saa zake, na machozi yako umtolee Bwana pasipo haya. Wewe mwanafunzi, wenzako wakikuvuta kwenye ubaya, usijidai kwamba hutaanguka kamwe. Kimbia, tena omba.

Hata Mtume Paulo alimsihi Bwana mara tatu amwondolee taabu iliyomchoma mwilini. Taabu haikuondolewa, lakini alipewa neema ya kuichukua. Pengine nasi tutajibiwa hivyo. Msalaba utabaki begani, lakini hatutauchukua peke yetu.

Basi leo jioni, familia ikikusanyika kusali, kila mmoja asione haya kusema neno hili dogo alilolisema Anuarite kwa wenzake: niombeeni. Baba na aseme kwanza, watoto wamsikie. Nyumba ambayo watu wake wanajua kuomba msaada haitakosa nguvu siku ya majaribu.