Kabla Useme Hakuna Form: Hivi Ndivyo Unapata Shoo na Filamu za Indie za Kenya

Ijumaa ikifika, story ni ile ile. Grupu ya WhatsApp inawaka: "Wasee, form ni gani?" Mmoja anataja klabu ya kila wiki. Mwingine anasema amesota hadi mwisho wa mwezi. Wa tatu anasema atabaki keja acheki movie. Saa tano usiku kila mtu yuko kwa kitanda anapitisha kidole kwa simu, bando inaisha, na hakuna movie imechezwa hata dakika kumi.

Na hiyo usiku, pengine kilomita tatu kutoka kwako, kuna bendi ya wasee watano ilikuwa inapiga muziki wake yenyewe mbele ya watu arobaini, kwa ukumbi wa watu mia moja na hamsini. Pia kuna filamu ya Mkenya ilikuwa inaonyeshwa kwa wiki moja tu, na jana ndiyo ilikuwa siku ya mwisho.

Shida si ati vitu hakuna. Shida ni kwamba hizi vitu hazina pesa ya kuweka bango kubwa Waiyaki Way, kwa hivyo lazima ujue pahali pa kuangalia. Na ukishajua, kuna kitu kingine cha kuelewa: vile unalipa, na lini unalipa, ndiyo inaamua kama kutakuwa na shoo nyingine.

Kwanza, indie ni nini?

Watu wengi wanadhani indie ni aina ya muziki: gitaa, sauti ya chini, na jamaa amevaa kofia ya sufi kwa jua. Zii. Indie ni namna ya kulipa bili. Msanii wa indie hana lebo kubwa nyuma yake, na mara nyingi hana mdhamini. Studio analipa mwenyewe, video anaomba marafiki washike kamera, na shoo anaandaa na mbogi yake.

Ndiyo maana ndani ya hilo neno moja unapata watu hawafanani hata kidogo. Labdi anapiga orutu, ile fidla ya Waluo ya uzi mmoja ambayo kitambo ilikuwa ya wanaume. Duma ni wasee wawili wa Nairobi waliochanganya metali na kelele za kompyuta, na albamu yao ya 2020 ikatolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes kutoka Kampala. KMRU anarekodi sauti za mazingira na kuzigeuza muziki wa kutuliza akili. Jina lake ni Joseph Kamaru, na ndiyo, yeye ni mjukuu wa yule mzee Joseph Kamaru mashuhuri wa nyimbo za Kikuyu. Hakuna redio itawapanga hao watatu kwa mstari mmoja. Kinachowaunganisha ni kwamba kila mmoja alijitengenezea njia.

Muziki na filamu ni mbogi moja

Hii ndiyo siri itakusaidia zaidi. Nairobi, watu wa muziki wa indie na watu wa filamu za indie ni wale wale.

Unakumbuka Makmende? 2010, Just A Band walitoa video ya "Ha-He", na yule jamaa wa afro na kitambaa kwa kichwa akawa gumzo la Kenya nzima. Kila mtu mtandaoni alikuwa anatunga utani wake wa Makmende. Sasa fuata majina. Mbithi Masya wa Just A Band ndiye aliongoza Kati Kati, filamu ya 2016 iliyoshinda tuzo ya wahakiki wa FIPRESCI kwa tamasha la Toronto. Jim Chuchu, naye wa bendi hiyo hiyo, alienda na The Nest Collective, na 2016 wakatoa Tuko Macho, msururu uliowekwa Facebook kabla watu wazoee kutafuta drama ya Kenya huko. Blinky Bill akabaki kwa muziki na bado anatoa ngoma zake.

Si hao tu. Maia Lekow ni mwanamuziki, na pia ni mmoja wa waongozaji wawili wa The Letter, filamu ya kweli kuhusu nyanya wa Pwani anayeitwa mchawi na watu wa familia yake mwenyewe, na nyuma ya hayo yote kuna shamba. Kenya iliichagua iende kutuwakilisha kwa Oscar. Na ukicheki Rafiki ya Wanuri Kahiu, ngoma ya mwanzo ni ya Muthoni Drummer Queen, yule yule aliyeanzisha Blankets & Wine 2008.

Kwa hivyo ukipenda bendi moja, soma ni nani aliongoza video yake. Ukipenda filamu moja, ngoja majina ya mwisho yapite, uone ni nani alitengeneza muziki. Usikimbilie kufunga. Hayo majina yanayopita haraka ndiyo ramani yako ya wikendi ijayo.

Hesabu ya shoo ndogo

Sasa tuongee doo. Hii ni hesabu ya mfano tu, lakini ukiuliza mtu yeyote anayeandaa shoo, ataitambua.

Tuseme ukumbi unabeba watu 150 na tiketi ni 700. Ukijaa, hiyo ni 105,000. Inaonekana fiti. Sasa toa. Ukumbi na mitambo ya sauti, 50,000. Wanamuziki watano na mtu wa sauti, kila mmoja 5,000, hiyo ni 30,000. Mazoezi, mabango, chakula na usafiri wa vyombo, 15,000. Jumla 95,000. Yaani ukumbi ukijaa hadi mlangoni, baada ya wiki kadhaa za kazi, kumebaki 10,000.

Wakija watu mia moja, pesa ni 70,000, na kuna shimo la 25,000. Hilo shimo halijazwi na kampuni. Linajazwa na msanii, kutoka mfukoni.

Hapo ndipo tiketi ya mapema inaingia. Mwenye ukumbi anataka malipo ya kwanza kabla ya siku yenyewe. Mwenye mitambo pia. Ukinunua tiketi wiki mbili kabla, pesa yako ndiyo inalipa hizo. Ukingoja ulipe mlangoni, ni poa, lakini pesa yako imefika baada ya msanii kukopa. Na kama wiki ya shoo tiketi zimenunuliwa ishirini pekee, mwandaaji mwerevu anaahirisha. Wewe uliyekuwa umepanga kutokea mlangoni saa mbili unapata ujumbe wa "tumesogeza tarehe", unaanza kulalamika Wakenya hawawezi kuandaa kitu. Kumbe shoo iliuawa na watu mia moja waliokuwa na nia nzuri.

Wakenya tunapenda kungoja dakika ya mwisho. Tunangoja tuone kama mvua itanyesha na kama mbogi itatokea. Lakini ukijua unaenda, nunua. Na kama wewe ni rafiki ya msanii, hiyo story ya "niweke kwa list" iache. Rafiki ndiye wa kwanza kulipa.

Shoo utazipata wapi?

Anza na kumbi, si wasanii. Msanii anapiga shoo mara chache kwa mwaka, lakini ukumbi uko na kitu karibu kila wiki. Katikati ya jiji kuna Alliance Française na Goethe-Institut, zote ziko karibu pale Monrovia Street, na mara nyingi bei zao hazichomi. Sauti Sol wenyewe, kabla ya kujaza viwanja na kabla ya ile kwaheri yao ya Novemba 2023, walikuwa vijana wa Upper Hill wa kuimba bila vyombo, na walikutana na mpiga gitaa wao Polycarp pale Alliance. Kuna Kenya National Theatre, ambayo iko tangu 1952. Kuna Sarakasi Dome kule Ngara, jengo ambalo wazazi wako wanalijua kama Shan Cinema.

Kisha weka tarehe kwa kalenda. Kila mwaka 21 Juni ni siku ya muziki duniani, ile sherehe iliyoanzia Ufaransa 1982, na Alliance huwa hawaiachi ipite. Blankets & Wine huja mara kadhaa kwa mwaka, na ni pahali pazuri pa kuona msanii mdogo kabla ya jina kubwa kupanda; kwa hivyo fika mapema, usifike saa kumi na mbili na luku kali ukakuta wale wa kwanza wamemaliza. Mwaka ukiisha, kuna Beneath the Baobabs kule Kilifi, lakini hiyo anza kuwekea pesa sasa, kwa sababu nauli ya Desemba haina huruma.

Ukiona bango, angalia vitu vitatu: jina la ukumbi, saa ya kuanza, na ni nani wanaofungua. Majina yale madogo ya chini ndiyo utasikia kwa redio miaka mitatu ijayo.

Filamu: leo iko, kesho imepotea

Umewahi kuambiwa kuna filamu ya Kenya kali, unaitafuta, unakuta trela pekee? Si bahati mbaya. Kuna sababu tatu.

Ya kwanza ni matamasha. Tamasha kubwa hutaka kuwa la kwanza kuonyesha filamu. Kwa hivyo mwongozaji akiiweka mtandaoni leo, amejifungia milango ya huko. Ndiyo maana filamu inaweza kuzunguka dunia mwaka mzima au zaidi kabla wewe wa Umoja uione.

Ya pili ni leseni. Jukwaa la mtandaoni likichukua filamu, mara nyingi halijainunua milele. Limekodi kwa muda fulani na kwa nchi fulani. Muda ukiisha, filamu inatoka. Na kama haki za Kenya hazikuwa kwa mkataba, unapata ule ujumbe wa kuudhi kwamba video haipatikani nchini mwako, na ilirekodiwa mtaani kwako.

Ya tatu ni sheria. Filamu ikionyeshwa hadharani Kenya lazima ipitie bodi ya filamu, KFCB, na bodi inaweza kuikataza. Rafiki, kuhusu mapenzi ya wasichana wawili, ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa Cannes, 2018, na hapa nyumbani ikapigwa marufuku. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ikasimamisha marufuku kwa siku saba. Kwa nini saba? Kwa sababu sheria za Oscar zilitaka filamu iwe imeonyeshwa nchini kwake siku saba mfululizo. Watu walipanga foleni na kumbi zikajaa. Mwishowe Kenya ilituma Supa Modo. Lakini hiyo wiki ilionyesha kitu kimoja: ile story kwamba Wakenya hawatoki kucheki filamu zao si ukweli.

Za kuanzia

Kama una dakika ishirini, tafuta Pumzi, filamu fupi ya Wanuri Kahiu ya 2009. Dunia imeisha maji, watu wanaishi chini ya ardhi, na mwanamke mmoja anapata udongo unaoweza kuotesha mbegu.

Kama una usiku mzima, cheki Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga, 2012. Mwas anatoka mashambani akiwa na ndoto ya kuwa mwigizaji, na jiji linampokea vile linajua. Kisha Kati Kati: msichana anajikuta nyikani bila kumbukumbu, anafika kwa loji, anaambiwa amekufa. Maliza na Supa Modo ya Likarion Wainaina, mtoto mgonjwa anayetaka kuwa shujaa, na kijiji kizima kinaamua kumtengenezea filamu. Weka kitambaa karibu.

Kuzitafuta, andika jina la mwongozaji, si jina la filamu pekee. Jina la filamu litakuletea nakala za wizi, zenye picha chafu na sauti ya redio mbovu. Jina la mwongozaji litakupeleka kwa chaneli yake, kwa Vimeo, kwa tamasha linaloonyesha filamu zake. Fuata pia Docubox kwa filamu za kweli, na NBO Film Festival kwa zile mpya. Kwa muziki, Bandcamp inakuruhusu kununua albamu, na sehemu kubwa ya pesa yako inaenda kwa msanii mwenyewe. KMRU anaitumia hata kurudisha sokoni nyimbo za babu yake.

Na ile linki ya Telegram? Najua, bando ni ghali na maisha ni magumu. Lakini filamu ya Marekani ikiibiwa na wewe, studio haitatikisika. Filamu ya msee wa Kariobangi aliyeuza ndai yake ili amalize kuhariri ikiibiwa na watu elfu moja, hiyo ya pili haitengenezwi.

Kwa hivyo wiki hii

Fanya hivi, si mambo mengi. Leo, fuata kurasa za kumbi mbili zilizo karibu nawe. Kesho, chagua shoo moja ya mwezi huu na ununue tiketi kabla ya Jumatano. Jumapili, cheki filamu moja ya Kenya kwa njia halali, na uangalie hadi majina yaishe. Ukiipenda, tuma kwa ile grupu ya WhatsApp, na useme kwa nini umeipenda, usitupe linki tu na kunyamaza.

Ijumaa ijayo mtu akiuliza form ni gani, utakuwa na jibu. Na kuna mpiga besi mahali atalipwa usiku huo huo.